Nilimwaga antibayotiki bwawani siku sita, samaki wakaendelea kufa: njooni tuongee dozi

MchimbaBwawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu ya aibu. Kila wiki humu mtu anauliza "samaki wangu wanakufa, niwape dawa gani?" na anamwagiwa majina ya dawa matatu matatu, bila yeyote kumuuliza hata samaki wake wana uzito gani. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wamwagaji wa majina. Basi leo nasimulia yangu.

Bwawa langu la tatu ni mita 20 kwa 15, kina mita moja. Ndani kulikuwa na perege 2,600, wastani gramu 250 kila mmoja. Siku ya kwanza niliona watatu wanazunguka juu ya maji kama pia, wamelala ubavu, jicho moja limetokeza nje mpaka unaogopa kuliangalia. Nikawaopoa, nikaendelea na shughuli zangu. Siku ya pili, kumi na moja. Wengine jicho lilikuwa limeingia ukungu mweupe, na chini ya taya pana wekundu kama mtu amewafinya.

Nikachukua unga wa oksitetrasaiklini, ule wa kuku, pakiti ya gramu 100. Nikakoroga kwenye ndoo, nikamwaga. Ile kona ya bwawa ikawa na unjano kidogo, nikajisikia mwanaume nimefanya kazi. Kesho yake pakiti nyingine. Siku sita mfululizo. Siku ya sita niliokota mizoga zaidi ya sitini.

Sasa fanyeni nami hesabu ambayo sikuifanya. Mita 20 kwa 15 kwa 1 ni mita za ujazo 300, yaani lita 300,000. Pakiti imeandikwa asilimia 20, kwa hiyo dawa yenyewe ni gramu 20, iliyobaki ni unga wa kubebea tu. Gramu 20 ndani ya lita 300,000 haifiki hata miligramu 0.07 kwa lita. Wanaoogesha samaki kwenye tangi kwa dawa hii huongelea makumi ya miligramu kwa lita. Ili nifike huko ningehitaji kilo kadhaa za dawa halisi kwa siku moja. Na hata hizo kilo zingepotea, maana oksitetrasaiklini hung'ang'ania kalisi na magnesiamu zilizomo kwenye maji, na ikishang'ang'ania haiingii mwilini mwa samaki kirahisi. Na mimi, kwa ujuaji wangu, wiki iliyotangulia nilikuwa nimeweka chokaa, nayo ina kalisi.

Siku ya saba ndipo nikamwita daktari wa mifugo anayejua samaki. Cha kwanza alikataa mizoga niliyompangia kwenye beseni. "Nataka mgonjwa anayehema." Samaki aliyekufa saa chache tu zilizopita tayari amevamiwa na bakteria wa utumboni na wa kwenye maji, ukiotesha maabara unapata kila kitu isipokuwa muuaji. Tukanasa wanne waliokuwa wanazunguka. Akafungua fuvu kwa mkasi mdogo, ubongo ukaonekana mwekundu na umelainika, hauna umbo. Akachota hapo, akachota na kwenye figo ya mbele, ile nyeusi iliyojibanza chini ya uti wa mgongo nyuma ya kichwa.

Akaniambia nisubiri majibu, na nisiwape chakula. Nilidhani kanitania. Wagonjwa halafu nawanyima chakula? Lakini vifo vilipungua kabla dawa yoyote haijaingia bwawani. Kwa ugonjwa huu kupunguza au kusimamisha chakula ni jambo linalojulikana, mimi tu ndiye sikulijua.

Majibu: bakteria aitwaye Streptococcus agalactiae. Maabara huweka kipande cha karatasi chenye dawa juu ya bakteria walioota, dawa ikiwaweza hubaki duara tupu kukizunguka. Oksitetrasaiklini ilikuwa haiwagusi kabisa, duara la kuizunguka ile karatasi ya dawa halikuwepo. Florofenikoli, antibayotiki nyingine, iliwazuia vizuri. Kwa maneno mengine, hata ningekuwa na hizo kilo, ningekuwa nalisha maji dawa isiyofanya kazi.

Nilikuwa nimebakiwa na 2,000. Tukawatibu kwa chakula, nikavuna 1,740. Mengine nitajibu huko chini.

MzeeWaKambale

Kijana, pole. Ila usitutishe. Mimi nimemwaga dawa bwawani mara tatu katika maisha yangu ya ufugaji na mara zote tatu vifo vilikoma. Haya ya kalisi sijui magnesiamu ni ya vitabuni.

MchimbaBwawa

Mzee wangu shikamoo. Naomba nikuulize kitu kimoja tu: siku ulizomwaga dawa, maji uliyaachaje?

MzeeWaKambale

Marahaba. Maji nilipunguza nusu nikaingiza mapya, ndivyo inavyotakiwa.

MchimbaBwawa

Sina la kuongeza mzee.

DaktariWaMaji

Msimcheke mzee, hilo kosa liko mpaka kwa wasomi. Bakteria kama Aeromonas hydrophila huishi kwenye maji na kwenye utumbo wa samaki siku zote. Hawapigi mpaka samaki achoke: oksijeni imeshuka, amonia imepanda, wamesongamana, wamepitishwa kwenye wavu wakachubuka magamba. Ukibadilisha nusu ya maji umeondoa kilichomchosha, na kinga yake inamaliza kazi. Sifa zinaenda kwenye pakiti.

Niongeze hapo hapo, kwa sababu nimeona nyuzi za watu wanaopasua vidonge vya amoksilini vya binadamu: Aeromonas hydrophila kwa kawaida ana usugu wa kuzaliwa nao dhidi ya ampisilini na ndugu zake. Yaani hata yule ambaye hajawahi kukutana na dawa hiyo haimsumbui.

BintiMatangi

Mimi nafugia kwenye matangi yanayozungusha maji, na nataka kuwaonya wenzangu wa mfumo huu. Niliweka dawa ndani ya maji ya tangi kwa ajili ya madoa meupe mgongoni, yale yanayokaa kama tandiko la punda. Siku ya tatu samaki wakaanza kupandisha juu, nikafungua matamvua, rangi ya kahawia kama chai ya rangi. Nikapima nitriti, rangi ya kipimo ikaruka mpaka mwisho wa kadi.

Dawa ya kuua bakteria haichagui. Kichujio changu ni nyumba ya bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitreti. Niliwaua wafanyakazi wangu mwenyewe. Kilichowaokoa samaki ni chumvi na kubadilisha maji, chumvi inaizuia nitriti isiingie kwenye damu kupitia matamvua. Kichujio kilichukua wiki kadhaa kurudi kwenye hali yake.

KijanaMpya

Wakuu samahani kwa kudandia uzi, niko kwenye dharura. Perege wangu wanakufa, leo 40, jana 25. Dawa nimeshanunua, mfuko mzima. Mkuu MchimbaBwawa wewe ile florofenikoli uliichanganyaje? Nipe kipimo tu nianze jioni hii.

MchimbaBwawa

Kipimo nakupa, lakini usianze. Soma kwanza.

Dozi ya samaki hupimwa kwa kilo ya samaki kwa siku. Mita ya maji haihusiki, na mfuko wa chakula hauhusiki. Kwa hiyo lazima ujue kilo ulizonazo. Nilivuta wavu, nikapima samaki 50 kwa pamoja kwenye ndoo ya maji (toa uzito wa ndoo na maji, nilisahau mara ya kwanza), nikapata wastani gramu 250. Mara 2,000, kilo 500.

Daktari akaandika miligramu 15 kwa kilo kwa siku, siku 10. 500 mara 15 ni miligramu 7,500, gramu saba na nusu za dawa halisi kila siku. Unga wangu ulikuwa wa asilimia 50, kwa hiyo gramu 15 za unga kwa siku. Mpaka hapo ni rahisi.

Balaa liko kwenye chakula. Wakiwa wazima nilikuwa nawapa asilimia 3 ya uzito wao, kilo 15 kwa siku. Mkono wangu ukaenda kuchota kilo 15 nichanganye na zile gramu 15 za unga. Daktari akanishika. "Jana ulipowarudishia chakula walikula kiasi gani?" Kilo 5, zilizobaki zilielea mpaka zikavimba. Basi ningechanganya kwenye kilo 15 wakala 5, wangepata theluthi ya dozi: miligramu 5 badala ya 15. Hiyo ni dozi ya kuwafundisha bakteria kuizoea dawa, haimtibu samaki. Tukaweka dawa yote ya siku kwenye kilo 5 tu, gramu 3 za unga kwa kila kilo ya chakula.

Unga huo hauyeyuki vizuri kwenye maji. Niliuchanganya na mafuta ya kupikia, kama mililita 20 kwa kilo ya chakula, nikauviringisha na chakula kwenye beseni mpaka kila punje ing'ae, nikaanika kivulini. Ukiuweka mkavu mkavu, utaona unga unaelea juu ya maji kama vumbi na punje zinaliwa tupu.

Sasa kilichoniuma kuliko vyote. Nilimuuliza, hawa wanaozunguka watapona siku ya ngapi? Akasema hao hawatapona, hawali. Dawa ya kwenye chakula inamfikia anayekula tu, yaani yule aliyeambukizwa juzi na bado ana hamu, na yule ambaye bado hajaugua. Mgonjwa unayemuona kwa macho umeshachelewa naye. Kwa hiyo zile siku sita nilizokuwa namwaga pakiti, sikuwa nimepoteza pakiti sita. Nilikuwa nimepoteza samaki wanaokula.

KijanaMpya

Nimekuelewa mkuu. Wangu wanakula vizuri tu mchana. Basi dawa itawafikia.

DaktariWaMaji

Subiri. Wanakula vizuri na wanakufa 40? Wanakufa saa ngapi? Wakubwa au wadogo? Kuna anayezunguka, mwenye jicho la kutokeza, vidonda, tumbo la maji?

KijanaMpya

Nikiamka saa kumi na mbili nawakuta. Wakubwa wengi. Vidonda hamna, macho mazima, midomo wazi. Walio hai wako juu wanapiga midomo, jua likitoka wanashuka. Maji ni ya kijani kizito.

DaktariWaMaji

Usifungue huo mfuko.

Tafuta kipima oksijeni, azima kwa mtu, upime saa kumi na moja na nusu alfajiri, halafu saa tisa alasiri. Ulete namba zote mbili humu.

MsomajiKimya

Nimesoma mpaka hapa naogopa kama mlaji. Dokta, hizi dawa zinatoka lini mwilini mwa samaki? Na kupika hakuziui?

DaktariWaMaji

Kupika hupunguza baadhi ya masalia, hakuyafuti. Usitegemee sufuria.

Kinachotegemewa ni siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo hutegemea dawa na nchi. Marekani, kwa mfano, florofenikoli ya kwenye chakula cha samaki ina siku 15 na oksitetrasaiklini siku 21. Ulaya wamezoea kuhesabu kwa joto, kwa sababu samaki ana joto la maji aliyomo, na mwili wa baridi hutoa dawa taratibu. Unazidisha nyuzijoto za maji kwa idadi ya siku. Ukitakiwa ufikishe 500, kwenye maji ya nyuzi 25 ni siku 20, kwenye maji ya nyuzi 10 ni siku 50. Dawa ile ile, samaki yule yule. Ndiyo maana mtu akikwambia "subiri wiki mbili" bila kuuliza maji yako yana joto gani, amekubahatishia.

Halafu zipo zisizo na siku za kusubiri kwa sababu haziruhusiwi kabisa kwa mnyama wa kuliwa. Kloramfenikoli na nitrofurani zimepigwa marufuku Ulaya tangu miaka ya 1990, na Marekani nako hazitakiwi. Kloramfenikoli inaweza kusababisha uboho wa mtu uache kutengeneza damu, ni mara chache sana, lakini hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2001 na 2002 shehena za kamba kutoka Asia zilizuiwa Ulaya kwa masalia yake, na maabara zilikuwa zinatafuta sehemu ndogo ya mikrogramu moja kwa kilo. Na msichanganye majina: florofenikoli ni ndugu yake lakini si yeye, kile kipande cha molekuli kinachoshukiwa kuharibu uboho kwenye kloramfenikoli hakimo kwenye florofenikoli.

MzeeWaKambale

Sasa Dokta, kama dawa ni kizaazaa hivi, wale wa Norwei wanaofuga mamilioni wanaishije? Au nao wanatudanganya?

DaktariWaMaji

Swali zuri mzee. Mwaka 1987 Norwei walitumia karibu tani 50 za antibayotiki kwenye ufugaji wa samaki, wakati samoni wao walikuwa makumi ya maelfu ya tani tu. Leo wanavuna zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka na dawa haifiki hata tani moja. Kilichobadilika zaidi ni chanjo. Kila kifaranga anachomwa sindano tumboni kabla ya kwenda baharini, chanjo iliyochanganywa na mafuta, na ile iliyofaulu dhidi ya Aeromonas salmonicida ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1990, matumizi yakaporomoka. Wakaongeza na kupumzisha maeneo na kutochanganya samaki wa umri tofauti.

Ila usidhani chanjo ni rungu la kila kitu. Chile wanafuga samoni yule yule, wanatumia mamia ya tani kwa mwaka, nyingi florofenikoli. Adui wao ni bakteria Piscirickettsia salmonis, anajificha ndani ya seli za samaki, na chanjo zilizopo hazijamshinda sawasawa.

Kwa perege chanjo ya Streptococcus ipo, ya sindano. Ni kazi ya mikono, samaki mmoja mmoja. Anayefuga 2,000 atapiga hesabu zake.

BintiMatangi

Na huu usugu, ukiachilia samaki kufa, unamfikia binadamu kweli au ni vitisho vya semina?

DaktariWaMaji

Dada, bakteria wa majini na wa kwetu wanapeana jeni mkono kwa mkono, kwenye vipande vidogo vya DNA vinavyohama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, hata wa ukoo tofauti. Jeni ya qnrA, inayopunguza makali ya dawa za kundi la siprofloksasini hospitalini, asili yake ilikuja kuonekana kwa bakteria wa majini anayeitwa Shewanella algae. Haina maana kuwa mfugaji fulani aliitengeneza. Ina maana njia kati ya maji na wodi ipo, na jeni zimeshaipita.

Na sehemu kubwa ya oksitetrasaiklini anayokula samaki hutoka na kinyesi bila kufyonzwa. Juani kwenye maji inaoza upesi. Ikizama kwenye tope jeusi chini, pasipo na mwanga wala hewa, inakaa muda mrefu sana, inawapikia bakteria wa hapo usugu polepole.

MchimbaBwawa

Hapo kwenye tope nilipigwa kofi la pili. Baada ya kuvuna nilikausha bwawa, nikakwangua tope lote. Wavu na ndoo za bwawa la tatu sasa zina kamba nyekundu, hazivuki kwenda bwawa la pili. Zamani wavu mmoja ulizunguka mabwawa yote manne, na mimi nikijiuliza ugonjwa unasafiri na ndege gani.

KijanaMpya

Wakuu nimerudi. Alfajiri 1.4. Alasiri 11.2.

DaktariWaMaji

Miligramu 1.4 kwa lita. Hao hawaumwi, wanakosa hewa. Mwani wako unatengeneza oksijeni mchana kupita kiasi, usiku unaivuta pamoja na samaki na tope. Mkubwa anahitaji zaidi, ndiyo maana anatangulia. (Wenye kambale msijipime na namba hii, kambale anapanda juu anavuta hewa ya kawaida.)

Acha mbolea. Chakula simamisha siku mbili halafu rudisha nusu. Pampu irushe maji juu kuanzia saa sita usiku mpaka jua litoke. Ingiza maji mapya kama unayo. Wakiendelea kufa huku alfajiri iko juu ya 3, niletee mgonjwa anayehema.

MzeeWaKambale

Na ungemwaga ule mfuko, ukaingiza na maji mapya, kesho kutwa ungekuja hapa kututangazia dawa.

KijanaMpya

Hahaha mzee umenimaliza.

Mrejesho: usiku wa kwanza walikufa 6, wa pili sifuri, wa tatu sifuri. Alfajiri ya leo 3.6. Maji bado ya kijani ila nimeshaanza kuyapunguza.

Swali la mwisho, mfuko niufanyeje? Nilitaka niumwage mtaroni usije ukachezewa na watoto.

DaktariWaMaji

Mtaroni hapana, kwa sababu zile zile za tope. Uache umefungwa, pakavu, mbali na joto, na upeleke kwa daktari wa mifugo wa karibu nawe. Yeye anajua njia ya kuiteketeza, au kama tarehe inaruhusu, kuna mtu ambaye ataihitaji kweli.

KijanaMpya

Sawa Dokta. Nimegeuza mfuko sasa hivi kuangalia tarehe. Ulishaisha muda miezi minne kabla sijaununua.